Changarawe, Saa na Chungu cha Busaa

Mwaka 1997 waendesha baiskeli 92 walikusanyika Gaiole in Chianti, kijiji cha Tuscany nchini Italia, wakapita na baiskeli za zamani kwenye njia nyeupe za vumbi katikati ya mashamba ya mizabibu. Aliyewaita, Giancarlo Brocci, alitaka njia hizo zisiwekewe lami. Leo tamasha lake, L'Eroica, huvuta maelfu ya watu kila Oktoba, na mwaka 2007 lilizaa mashindano makubwa ya waendeshaji wa kulipwa, Strade Bianche.

Msimulie habari hiyo mkulima wa Naitiri, magharibi mwa Kenya, atakuangalia mara mbili. Mtu mzima anapigania barabara ibaki na vumbi? Huku Tongaren lami ni ahadi ya kampeni na changarawe ni adhabu: vumbi Januari, matope Mei, na lori la mahindi likikwama, kijiji kizima kinaitwa kusukuma. Ndiyo maana inafaa kuchambua jinsi Waitaliano walivyofanya. Barabara mbaya tunazo. Walichokuwa nacho wao ni utaratibu.

Sehemu ya kwanza ya utaratibu huo ni saa. L'Eroica haina mshindi. Mwendeshaji hubeba kadi inayogongwa muhuri kituoni, na akifika mwisho na mihuri yake kamili, amemaliza. Wamarekani wa Grinduro, tamasha lililoanza Quincy, California, mwaka 2015, walichukua njia ya katikati: vipande vichache tu vya barabara ndivyo hupimwa muda, na kwingine kote watu hupiga gumzo, hula na kusubiriana. Uamuzi huo mdogo una matokeo makubwa. Mashindano ya kawaida yanahitaji barabara ifungwe, polisi kila makutano, na kila kilomita ilindwe. Ukipima vipande vichache tu, unalinda vipande hivyo. Kwingineko baiskeli inapita pamoja na punda, boda boda na watoto wa shule, kama inavyopita kila siku.

Sehemu ya pili ni meza. Kwenye vituo vya Chianti hakugawiwi chupa za plastiki zenye maji ya sukari. Kuna ribollita, yaani supu nzito ya maharagwe, mboga na mkate wa jana; kuna mkate uliomwagiwa mafuta ya zeituni, na kuna mvinyo wa hapo hapo. Mgeni anakula kile ambacho wenyeji wangekula hata asipokuja. Kwa hiyo mpishi hahitaji semina, na pesa zinabaki kijijini.

Afrika Mashariki tuna mfano wetu, ingawa hauna mvinyo. Juni 2021 Migration Gravel Race ilifanyika kwa mara ya kwanza Maasai Mara: siku 4, takriban kilomita 650. Nyuma yake kulikuwa na Mikel Delagrange, mwanasheria, pamoja na waendeshaji wa Timu Amani, timu ya baiskeli ya Afrika Mashariki, akiwemo Mkenya Suleiman Kangangi, ambaye wengi walimwita Sule. Tatizo walilotaka kutatua lilikuwa la tikiti na viza. Mwendeshaji wa Kenya, Uganda au Rwanda hupimwa Ulaya, na kufika Ulaya ndiko kugumu kuliko mlima wowote. Basi wakaugeuza mwelekeo wa safari: Wazungu wenye majina wakaja Mara, wakapanda pamoja na vijana wetu kwenye vumbi letu. Lakini ile ilikuwa mbio kamili, saa inahesabu kutwa. Na mbio za changarawe zina bei yake. Sule alifariki Agosti 2022 baada ya kuanguka katika mashindano ya Vermont Overland nchini Marekani. Anayepanga tamasha lolote la namna hii aanze na miteremko, kisha ndipo afikirie mabango.

Sasa tuitazame ardhi iliyopo kati ya Kitale na Bungoma. Kitale iko karibu mita 1,900 juu ya usawa wa bahari, mji wa Bungoma karibu 1,400. Ukianzia juu, una mita 500 za kushuka kwa jumla, lakini mabonde ya vijito yanayoelekea Mto Nzoia yatakupandisha na kukushusha mara nyingi kabla hujazimaliza. Udongo mwekundu ukikauka na kupigwa na magari, huota matuta madogo madogo yaliyopangana kama bati. Juu ya matuta hayo tairi jembamba lililojazwa upepo hadi likawa gumu linaruka, na kila mruko unakula nguvu ya miguu. Dawa yake ni tairi pana lenye upepo mchache: upana wa milimita 40 hivi, upepo wa paundi 30 hadi 35 kwa inchi mraba, bila tyubu, na ndani yake maji mazito yanayoziba mwiba unapoingia.

Na hapo ndipo Black Mamba inaponifurahisha. Ile baiskeli nyeusi ya chuma iliyobeba maziwa, mahindi na abiria wa magharibi mwa Kenya kwa miongo mingi ina tairi la inchi 28 kwa moja na nusu, yaani upana wa karibu milimita 40 hizo hizo. Viwanda vya Ulaya na Marekani vilizunguka miaka mingi na matairi membamba, kisha vikarudi kwenye upana ambao fundi wa kwetu Ndalu hakuwahi kuuacha.

Inaposhindwa ni kwenye giya na breki. Chukua Mamba yenye meno 44 mbele na 18 nyuma: kila mzunguko wa pedeli unaisogeza zaidi ya mita 5. Ukizungusha mara 50 kwa dakika uko kwenye kilomita 16 kwa saa, kasi ambayo hakuna mtu wa kawaida anaiweza kwenye mwinuko mkali. Ndiyo maana hushuka akasukuma, wala si uvivu. Baiskeli ya kisasa ya changarawe hushuka hadi mita 2 hivi kwa mzunguko, ikatambaa. Nazo breki za vyuma za Mamba hubana rimu, na rimu ikilowa hubaki ni kuomba Mungu.

Kwa hiyo kalenda inajipanga yenyewe. Huku mvua huanza Machi au Aprili na kuendelea hadi karibu Novemba, na mahindi huvunwa kati ya Oktoba na Desemba. Januari na Februari barabara ni kavu, mabua yameshakatwa na macho yanafika mbali, na wenyeji wana nafasi na nafaka. Njia inaweza kuanzia Kitale kwenye jumba la makumbusho, ikapita Naitiri kwa barabara za mashambani, ikaishia Webuye chini ya kilima cha Chetambe, ambako Wabukusu walipigana na Waingereza mwaka 1895. Lami iliyopo itumike kuunganisha vipande tu, maana haina hamu kwa mtu aliyekuja kutafuta vumbi.

Mvinyo? Anayeutaka aende Dodoma, ambako mizabibu huvunwa mara mbili kwa mwaka. Huku kuna busaa: unga wa mahindi uliochachuliwa, ukakaangwa juu ya moto hadi ukawa kahawia, ukachanganywa na maji na kimea cha wimbi, kisha wazee wakauzunguka mtungi kwa mirija mirefu. Mtungi mmoja, mirija mingi: kituo hicho kinamlazimisha mwendeshaji aketi, na akishaketi hana haraka tena. Ila kiwekwe mwisho wa safari, baada ya mteremko wa mwisho, kwa sababu ya hatari ya kuanguka niliyokwisha kuitaja.

L'Eroica hukubali baiskeli zilizotengenezwa kabla ya 1987. Sheria hiyo hupunguza faida ya mwenye pesa nyingi, na kule Italia humfanya kila mtu atafute masalia stoo. Naitiri sheria kama hiyo ingeleta kundi tofauti kabisa: watu ambao baiskeli hiyo ni kazi yao ya leo, wenye mapaja ya kubeba magunia. Wageni waliozoea giya 22 wangepata shida nao kwenye tambarare. Lakini ratiba lazima iwasikilize. Haiwezekani kuanza saa kumi na mbili asubuhi, kwa sababu saa hiyo wako barabarani na mikebe ya maziwa kwenye keria, na maziwa yakichelewa hurudishwa.