Kipepeo wa Nabokov Si Sitiari

Mwishoni mwa Lolita kuna maneno ya mwandishi mwenyewe, ambayo Vladimir Nabokov aliyaandika mwaka wa 1956. Wengi huyaruka. Ndani yake anataja picha chache za riwaya anazozipenda zaidi, na moja ni sauti za mji ulio bondeni zikipanda hadi kwenye njia ya mlimani. Halafu, ndani ya mabano, anachomeka kwamba kwenye njia hiyo ndiko alikomnasa jike wa kwanza kujulikana wa kipepeo aitwaye Lycaeides sublivens. Jina lake mwenyewe linafuata nyuma ya lile la kipepeo, kama ilivyo desturi ya wanasayansi kwa aliyetoa jina.

Mabano hayo yamewatesa wahakiki. Mwaka wa 1960 Diana Butler aliandika insha akisema mapenzi ya Nabokov kwa vipepeo ndiyo ufunguo wa riwaya yote: msichana ni kipepeo, Humbert ni mtu wa wavu. Usomaji huo ni rahisi kushika, ndiyo maana umedumu. Hata chuoni, kabla sijaacha mwaka wa pili kwa sababu ya karo, tulifundishwa hivyo: ukiona kipepeo, andika uhuru, urembo au roho, upate alama zako uende.

Mimi nadhani usomaji huo unakosea, na kosa linaanzia kwa kipepeo mwenyewe. Hakuna anayemuuliza ni nani.

Basi tumuulize. Ni kipepeo mdogo wa jamii ya vipepeo wa samawati, anayeishi kwenye nyanda za nyasi na maua za milima ya San Juan, Colorado, Marekani. Anahitaji lupini, mmea wa jamii ya kunde. Nabokov, aliyekuwa amefanya kazi kwenye makumbusho ya zuolojia ya Harvard miaka ya 1940, alimpa jina mwaka wa 1949 kutokana na madume tisa tu. Walikuwa wamekaa kwenye pini tangu walipokamatwa karibu na mji wa Telluride nusu karne nyuma. Madume tisa, jike hata mmoja. Yaani sayansi ilikuwa na jina la kiumbe ambaye nusu yake haijawahi kuonekana.

Kiangazi cha 1951 akaenda kumtafuta. Véra, mke wake, ndiye aliyekuwa dereva. Nabokov hakuwahi kujifunza kuendesha gari. Telluride ni mji wa migodi ulio zaidi ya mita 2,600 juu ya usawa wa bahari, na mteremko wenyewe uko juu zaidi. Katika ripoti yake ya 1952 analalamikia hali ya hewa kama mtu wa matatu anavyolalamikia polisi: saa 12 asubuhi mbingu ni safi kabisa, saa 4 radi tayari inapiga. Alipanda hivyohivyo. Na jike alipopatikana, hakuwa wa samawati. Alikuwa wa kahawia laini, amenyunyiziwa vumbi la rangi ya jivu la samawati. Ungekuwa umeshaamua kichwani kwamba unatafuta kitu kinachong'aa, angekupita hivihivi.

Sasa rudi kwa Humbert. Huyu ni mtu mzima anayemnajisi mtoto wa miaka 12 na kutuandikia maneno matamu ili tusitazame. Jina la mtoto ni Dolores Haze. “Lolita” ni neno la Humbert, na alikuwa na umbo lake tayari kabla ya kukutana na mtoto huyo. Je, huyu ndiye mtu wa wavu? Kwa ground mambo ni mengine. Humbert hajui vipepeo kabisa. Kuna mahali anaona vindege vya kijivu jioni, vile vya Marekani vinavyoelea mbele ya ua kama chozi asiyetua. Nabokov alieleza baadaye kwamba wale si ndege hata kidogo, ni nondo wakubwa, na kwamba Humbert hawezi hata kutofautisha kipepeo na nondo. Kumbe kule Telluride, kwenye mteremko uleule wa lupini, Nabokov alikuwa ameandika kuhusu nondo wa aina hiyo wakizunguka mimea mirefu ya jenshiani. Aliwajua vizuri. Akampa msimulizi wake upofu kwa makusudi.

Ndiyo maana mabano yale yana uzito. Karibu na mwisho wa riwaya, Humbert anakumbuka siku aliposimama kando ya barabara ya mlimani, chini yake mji mdogo wa migodi. Anasikia watoto wakicheza. Hapo anatambua kwamba uchungu si kuwa Dolores hayuko naye. Uchungu ni kuwa sauti yake haimo kati ya zile sauti. Hapo ndipo anapomfikiria kama mtoto aliyestahili kuwa na wenzake. Na mahali penyewe Nabokov alipatoa kwenye ule mteremko wa kipepeo, alikokuwa amepanda kuona kiumbe alivyo.

Simwoshi Nabokov. Yule jike aliuawa, akachomwa pini, akapewa lebo. Kuona kwa makini si sawa na kupenda, na mkusanyaji ni mkusanyaji tu. Tena kwenye maneno ya mwisho amejipandisha cheo: mwaka wa 1949 sublivens alikuwa jamii ndogo ya spishi nyingine, na leo huhesabiwa hivyo chini ya Plebejus idas, lakini kwenye riwaya anatajwa kama spishi kamili yenye jina la bwana mkubwa. Majivuno yapo. Ila jike yule alibaki wa kahawia kwenye ripoti. Hakugeuzwa samawati ili apendeze.

Nasoma hadithi nyingi za wenzangu mtandaoni, na wasichana humo bado ni maua, paa, vipepeo. Mwandishi anadhani anasifu. Lakini kipepeo hana shule anayokwenda, hana rafiki anayemkasirikia, hana sauti ya kukosekana popote. Ukishamwita msichana kipepeo, hata akidhulumiwa ukurasa unaofuata, msomaji ataona tu mbawa zimevunjika. Humbert angefurahi kusoma hadithi kama hiyo.

Kwa hivyo ukitaka kipepeo kwenye hadithi yako, mweke, lakini tuambie anakula mmea gani. Na msichana umpe jina lake.