Kujifungulia nyumbani: utafiti wa England unasema nini hasa?

Ukibishana na mtu kuhusu kujifungulia nyumbani, haichukui muda utatajiwa utafiti wa Birthplace, uliotoka kwenye jarida la BMJ mwaka 2011. Ni kazi nzuri: wanawake zaidi ya 64,000 wa England, wote wenye ujauzito usio na hatari kubwa. Walihesabiwa kwa mahali walipopanga kujifungulia, hata kama waliishia kukimbizwa hospitali. Hapo watafiti walifanya haki. Vinginevyo matatizo ya nyumbani yangeandikiwa hospitali.

Kwa waliokwisha kuzaa, tofauti haikuonekana. Kwa mimba ya kwanza, watoto waliopata madhara walikuwa 9.3 kwa kila 1,000 nyumbani, dhidi ya 5.3 hospitali.

Lakini hebu tuulize: madhara gani? Kifo, ubongo kudhurika na mtulinga kuvunjika vimetiwa kapu moja. Vifo peke yake vilikuwa vichache mno kulinganishwa, sawa, ila kwa mama anayeamua hivyo si kitu kimoja hata kidogo.

Kasoro kubwa zaidi ni yetu wasomaji. "Nyumbani" ya utafiti ule ina mkunga aliyesomea, na gari la wagonjwa likiitwa linakuja. Na bado karibu 45 kati ya kila 100 wa mimba ya kwanza walihamishiwa hospitali, wakati wa uchungu au mara baada ya kujifungua. Sasa toa mkunga, toa gari, weka barabara ya matope usiku. Kuhusu nyumba hiyo, utafiti haujasema lolote.

Basi kabla ya kuuliza nyumbani au hospitali, uliza: damu ikianza kumwagika, msaada uko dakika ngapi?