Forodha Iliyogeuka Bustani

Katika mijadala ya utamaduni wetu tumezoea kuzitaja ngoma, ushairi, uchongaji na ususi. Bustani ya mji hatuitaji, kana kwamba ni shughuli ya mkata majani tu. Twaona huo ni upungufu. Bustani ya umma ni utungo: ina mtunzi, ina maudhui, ina yaliyosemwa na yaliyonyamaziwa, na kwa hiyo yafaa ihakikiwe. Na inayohitaji uhakiki kuliko zote ni ile iliyopandwa juu ya mahali pa kazi, hasa ukingoni mwa maji, ambako bandari imehama au kiwanda kimekufa, na watu wakarudishiwa ufuko wao. Mahali kama hapo pana mambo mengi ya kusahauliwa, na aghalabu wapo wanaofaidika yakisahauliwa.

Tuanze nyumbani, na bustani ya Forodhani, Unguja. Ajaye hapo jioni hukuta taa, majani, watu wa kila rika waliokaa wakipunga upepo, moshi wa mishikaki, juisi ya miwa, na vijana wanaoruka kutoka ukutani hadi baharini kwa mchezo wao wa makachu. Nyuma yake imesimama Ngome Kongwe, na kando yake Beit al-Ajaib, jumba la Sultani Barghash la mwaka 1883, ambalo sehemu yake iliporomoka Desemba 2020. Hapana mizani, hapana karani, hapana mzigo. Hata hivyo jina lasema wazi kwamba hapa palikuwa na forodha. Hapa ndipo mali ilipopakuliwa, ikahesabiwa na kutozwa ushuru. Na ukusanyaji wa ushuru wenyewe, kwa miaka mingi ya karne ya kumi na tisa, ulikodishwa kwa wafanyabiashara, mashuhuri miongoni mwao akiwa Jairam Sewji. Mali hiyo ilikuwa karafuu na pembe za ndovu. Ilikuwa pia binadamu, hadi mkataba wa Juni 1873 ulipopiga marufuku kuwasafirisha watumwa kwa bahari. Mwanzoni mwa karne ya ishirini reli ndogo ya Bububu, yenye urefu wa maili 7 hivi, ilianzia mbele ya Ngome hiyo hiyo. Bandari ikahamia Malindi, reli ikang'olewa, na mwaka 1936 pakapandwa bustani.

Mwaka huo Sultani Khalifa bin Harub alitimiza miaka 25 ya utawala, na bustani ikaitwa kwa jina la Jubilii. Hapa tuutazame utungo kama wahakiki. Mtunzi alikuwa na mbele yake mahali palipopita jasho la vizazi, naye akachagua kusimulia habari ya kiti cha enzi. Mabanda yakaondoshwa, vijia vikapimwa, kibanda cha wapiga bendi kikajengwa. Baada ya Mapinduzi ya 1964 jina la Jubilii liliachwa, na watu wakabaki na neno lao wenyewe, Forodhani. Twadiriki kusema kwamba neno hilo ndilo sehemu bora ya bustani nzima, kwa sababu ndilo pekee lisilosema uwongo juu ya mahali penyewe.

Ukarabati mkubwa uliofanywa na Shirika la Aga Khan la Utamaduni, ukakamilika Julai 2009, ulistahili sifa uliyoipata. Vijia, taa na miti vilirudishiwa heshima, na wauza vyakula wakawa na mahali pao. Lakini nao ulikuwa ukarabati wa bustani, si wa kumbukumbu. Anayetaka kuwaona watumwa kwa macho sharti aende Mkunazini, kwenye sanamu za waliofungwa minyororo zilizochongwa na Clara Sörnäs, kando ya Kanisa Kuu la Kianglikana. Hamali aliyebeba gunia la karafuu mgongoni yeye hana hata sanamu.

Ili tuupime ukimya huo, yafaa tuuweke kando ya bustani nyingine, ya mbali, ambayo mtunzi wake alikabiliwa na swali lile lile akalijibu kinyume. Iko katika mji wa Seattle, Marekani, kwenye ukingo wa kaskazini wa ziwa liitwalo Union. Hapo mwaka 1906 kilianza kazi kiwanda cha kutengeneza gesi kutokana na makaa ya mawe, na baada ya 1937 kutokana na mafuta. Gesi hiyo ilipelekwa majumbani. Mwaka 1956 gesi ya asili ilifika mjini kwa bomba, na kiwanda kikafungwa. Kikabaki kikipiga kutu juu ya ardhi ya ekari zipatazo 20, ambayo kwa miaka 50 ilikuwa imelishwa lami, masizi na mafuta yenye sumu.

Halmashauri ya mji ilianza kuinunua ardhi hiyo mwaka 1962, na aliyeipigania zaidi ni diwani Myrtle Edwards, aliyefariki mwaka 1969. Kila mtu alidhani vyuma vile vingebomolewa, nyasi zipandwe, na habari iishie hapo. Msanifu wa bustani aliyepewa kazi hiyo, Richard Haag, alifikiri vinginevyo. Aliona kwamba katika ardhi ile iliyoungua, minara ya kiwanda ndiyo ilikuwa kitu pekee chenye sura na historia. Kuiondoa kungekuwa kumkata mzee ulimi kisha kumwomba asimulie. Ilimbidi awashawishi wananchi kwanza, nao hawakushawishika upesi. Familia ya marehemu Edwards iliposikia kwamba minara itaachwa, iliomba jina la mpendwa wao lisitumiwe hapo, na mji ukaliheshimu ombi hilo. Jina likapewa bustani nyingine. Hatuwacheki watu hao. Kwao moshi ule haukuwa historia, ulikuwa moshi.

Bustani ilifunguliwa rasmi mwaka 1975. Minara mikubwa imesimama katikati yake, myeusi na yenye kutu. Nyumba ya mashine za kusukumia gesi imekuwa banda la watoto kuchezea, na mashine zake zimepakwa rangi za kung'aa. Nyumba ya majiko ya mvuke imekuwa mahali pa kulia chakula. Kifusi na udongo uliochimbwa havikubebwa kwenda kumwagwa kwa jirani asiye na sauti, kama ilivyo desturi ya miji mingi. Virundikwa papo hapo, vikafunikwa udongo mpya, vikawa kilima ambacho watoto hurushia tiara, au vishada kama wasemavyo wa bara. Juu ya kilima pamewekwa saa ya jua, na mtu akisimama katikati yake, kivuli chake mwenyewe ndicho mshale.

Jambo tunaloliona kubwa zaidi halionekani kwa macho. Haag alikataa kuamini kwamba dawa pekee ya ardhi yenye sumu ni kuifukua yote na kuleta nyingine. Alilima. Alichanganya udongo ule na tope lililotokana na kusafisha maji machafu, vumbi la mbao na mboji, ili vijidudu vilivyomo ardhini vipate chakula, vizaane na kuyala mafuta. Ni elimu ambayo mkulima yeyote wa kwetu aliyewahi kufukia majani shambani angeielewa bila mkalimani. Njia hiyo leo yatumika mahali pengi. Wakati ule ilionekana kama mzaha.

Je, ilifaulu? Nusu. Mwaka 1984 vipimo vilionyesha kuwa sumu bado imo, na bustani ikafungwa kwa muda. Kazi ya kusafisha iliendelea tena na tena katika miaka iliyofuata, na tope la ziwani karibu na ufuko limeendelea kuwa tatizo, hata kuingia majini kutoka hapo kumepigwa marufuku. Minara yenyewe imezungushiwa uzio watu wasipande. Mwaka 2013 mahali hapo paliandikishwa katika orodha ya kitaifa ya sehemu za kihistoria, na Haag alifariki mwaka 2018 akiwa amekwisha kukubaliwa na wengi waliompinga.

Sasa tuzitie mizanini bustani hizi mbili. Ile ya Seattle imetunza vyombo vya kazi, lakini mfanyakazi hayumo. Mgeni aitazamapo minara huona umbo, hupiga picha, husifu kutu. Mtu aliyeyakoka makaa kwa zamu za usiku, akakohoa masizi, hamwoni popote. Chombo bila mkono hugeuka pambo, na tusipojihadhari tutaita pambo hilo historia. Ya kwetu haina chombo hata kimoja, lakini ina watu. Muuza pweza yumo, mama na wanawe wamo, na kijana wa makachu anajitupa katika maji yale yale yaliyobeba majahazi ya forodha, wala hakuna uzio unaomzuia. Bustani inayokumbuka imewakataza watu maji, isiyokumbuka imewaachia. Tukilazimishwa kuchagua kwa siku moja, tungechagua Forodhani. Tukiulizwa ipi imetungwa kwa ujasiri zaidi, hatuwezi kusema Forodhani.

Uhakiki huu usidhaniwe kuwa ni wa mambo yaliyopita. Gati ya Malindi, iliyoipokea kazi ya Forodhani, nayo imeelemewa na mizigo, na mpango wa kujenga bandari kubwa Mangapwani, kaskazini ya mji, umekwisha kutangazwa. Siku shughuli za mizigo zitakapopungua Malindi, swali la 1936 litaulizwa upya, tena katika mji ambao tangu mwaka 2000 umo katika orodha ya Urithi wa Dunia, na ambao kila mita ya ufuko wake ina mnunuzi. Tusisahau kwamba Malindi si mawe na makreni tu. Ni hapo ambapo mwezi wa Agosti 1948 wachukuzi wa bandari waliweka mizigo chini wakidai mishahara inayolingana na gharama ya maisha, na mgomo wao ukaenea mji mzima. Mtunzi wa bustani atakayepewa mahali hapo bila kuambiwa habari hiyo atapanda minazi na kujenga hoteli, na hatutakuwa na haki ya kumlaumu.

Kwa hiyo twawaomba walimu wa historia na wa fasihi wasingoje mtunzi huyo aje. Mwanafunzi wa sekondari aweza kutumwa leo kwa mzee aliyefanya kazi gatini, na daftari, amwulize gunia la karafuu lilipokewaje begani, nyimbo gani ziliimbwa wakati wa kupakua, nani aliyeita zamu, malipo yalitolewa wapi na kwa siku gani, vyombo gani vilitumika na kila kimoja kiliitwaje. Majina ya vyombo yaandikwe kwanza, maana hayo ndiyo huondoka upesi zaidi. Kreni moja kuukuu, mzani mmoja, na bohari moja lililoachwa na paa lake vyaweza kubaki pale pale vilipofanya kazi, na ukutani pakaandikwa, kwa Kiswahili na kwa herufi kubwa, yale ambayo wazee hao wameyasema.