Kiti Kimoja, Wanunuzi Wawili

Simu niliyoitumia kwa uchambuzi huu si yangu. Ni ya mpwa wangu anayeuza nguo Buyenzi, hapa Bujumbura: Tecno yenye kioo kilichopasuka pembeni, iliyojaa picha za wateja na nyimbo, na nafasi iliyobaki ndani yake ni finyu. Niliiazima kwa makusudi. Programu ikifanya kazi vizuri kwenye simu mpya iliyounganishwa na Wi-Fi ya ofisini, bado haijathibitisha kitu. Kipimo chake cha haki ni simu ya aina hii, kwa bando la kununua, jioni ambayo mtandao umeelemewa na watu.

Nilichokuwa nakipima ni programu ya kampuni moja yenye kumbi kadhaa za sinema katika nchi jirani. Jina lake naliacha, kwa sababu makosa niliyoyakuta si yake peke yake. Bujumbura hatuna kampuni ya namna hiyo. Wazee wanaukumbuka ukumbi wa Cameo. Sisi wengine filamu tunaziona kwenye Taasisi ya Ufaransa, kwenye vibanda vya video mitaani, na wakati wa FESTICAB, tamasha lililoanzishwa mwaka 2009 na Léonce Ngabo, yule aliyetuongozea Gito l'ingrat mwaka 1992. Lakini Warundi wanaokwenda Kigali, Nairobi au Dar es Salaam wanarudi na programu hizi kwenye simu zao, na swali la lini ukumbi wa kisasa utafika hapa halikauki vinywani. Ukifika, utakuja na programu. Ndiyo maana nataka tujue mapema jinsi ya kuipima.

Kuipakua tu kulimaliza bando la siku. Sababu niliiona nilipoifungua: ukurasa wa kwanza unapakia vionjo vya filamu na mabango makubwa ya picha kabla ya kukuambia filamu inaanza saa ngapi. Orodha ya filamu zote za wiki, kumbi, saa na bei ni maandishi matupu. Haizidi kilobaiti chache. Bango moja la picha kali linaweza kuizidi orodha hiyo mara mia. Mtengenezaji makini angetanguliza maandishi, picha zikafuata kwa anayezitaka, na orodha ya jana ikabaki kwenye simu ili hata mtandao ukikatika mtu aone kitu. Hili linarekebishwa kwa siku chache, kwa hiyo sitakaa hapo.

Kazi ngumu iko kwenye kiti.

Tuseme watu wawili, mmoja Kinindo na mwingine Kamenge, wanabonyeza kiti kimoja, F7, ndani ya sekunde ileile. Kwenye ramani ya viti wote wawili wamekiona kitupu, na wote wamekiona sawa. Mfumo ulioundwa vizuri haukiuzi kiti papo hapo. Ombi lililofika kwanza kwenye hifadhidata linakigeuza kiti kutoka “kitupu” kuwa “kimeshikwa”, na saa inaanza kuhesabu. Wa pili anaambiwa achague kingine. Wa kwanza akilipa kabla muda haujaisha, kiti kinakuwa “kimeuzwa”. Asipolipa, kinarudi kwenye ramani.

Sasa muda huo uwe kiasi gani? Ukiwa mfupi mno, unamwadhibu mlipaji mwaminifu. Ukiwa mrefu mno, ukumbi unaonekana umejaa saa kumi na moja jioni, kisha filamu inaanza na nusu ya viti havina mtu, kwa sababu vilishikwa na watu waliokuwa wanajaribu tu. Mwenye kadi ya benki anahitaji dakika mbili tatu, kwa kuwa kadi iko mfukoni na fedha ziko ndani. Kwetu mambo yanakwenda vingine. Mtu anachagua kiti, anagundua salio lake la Lumicash, huduma ya fedha za simu, halitoshi, anavaa kandambili, anakwenda kwa wakala kwenye kona, anakuta watu watatu mbele yake, anaweka fedha, anarudi. Kwa hesabu yangu hiyo ni robo saa. Programu niliyoijaribu ilinipa dakika tano. Aliyeweka dakika tano hakuwahi kusimama kwenye foleni ya wakala.

Nilijaribu kulipa. Nikachagua kiti, nikabonyeza malipo ya simu, na kidirisha cha kuomba namba ya siri kikajitokeza. Nikaiandika. Mtandao ukasuasua. Baada ya muda meseji ya mtandao wa fedha ikaingia: umelipa kikamilifu. Nikarudi kwenye programu, nikakuta maandishi mekundu: muda umekwisha, anza upya. Kiti changu kilikuwa kimerudi kwenye ramani, kitupu, kinamngoja mwingine. Fedha zangu zilirudi siku ya tatu, baada ya mimi kupiga simu mara mbili.

Ni muhimu kuelewa kilichotokea, maana wengi wakikutwa na jambo hili hudhani wameibiwa. Hapa kuna mifumo miwili isiyojuana vizuri. Mmoja ni wa sinema, unaoshika kiti. Wa pili ni wa fedha, unaokata salio. Wa sinema unatuma ombi, kisha unakaa kungoja jibu. Jibu likichelewa njiani, wa sinema unahesabu kwamba hukulipa, ilhali wa fedha umeshakata. Hakuna mwizi. Kuna fundi aliyedhani kimya maana yake ni hapana.

Dawa inajulikana, na si ghali. Kila agizo lipewe namba yake pekee, na namba hiyo iende pamoja na ombi la malipo, ili hata mtu akibonyeza mara tatu kwa wasiwasi akatwe mara moja tu. Muda ukiisha bila jibu, kiti kisirudi kwenye ramani kabla mfumo haujauliza upande wa fedha: agizo namba hii limelipwa au halijalipwa? Hali nyingine iongezwe kati ya “kimeshikwa” na “kimeuzwa”, yaani “tunathibitisha”, na mteja aisome kwa maneno hayo. Ikithibitika kwamba amelipa lakini kiti kimeshakwenda kwa mwingine, fedha zirudi zenyewe, na meseji imfikie kabla hajaanza kutafuta namba ya huduma kwa wateja. Nikitaka kujua ubora wa programu ya sinema, nazima mtandao wa simu mara tu baada ya kuandika namba ya siri, nangoja dakika kumi, kisha nauwasha. Jaribio hilo moja linanifundisha kuliko nyota zote za kwenye duka la programu.

Nyota nazo zisomwe kwa akili. Mwenye kuipa programu nyota tano mara nyingi ni mtu aliyeifungua mara ya kwanza akavutiwa na rangi. Mimi huenda moja kwa moja kwa waliotoa nyota moja, nikatafuta maneno mawili: fedha na mlango. Anayelalamikia fedha amekutana na tatizo nililolieleza. Anayelalamikia mlango alilipa, akafika, akazuiwa.

Mlangoni ndipo programu nyingi zinapoaibika. Tiketi ya simu ni picha ya miraba midogo myeusi na myeupe yenye namba ya agizo ndani yake. Simu ya mlinda mlango inaisoma. Kama simu hiyo lazima iulize makao makuu kwa intaneti kila mara, siku mtandao unapolala watu mia mbili watasimama nje na tiketi halali mikononi. Njia bora ni simu ya mlangoni kupakua orodha ya tiketi zote za onyesho kabla watu hawajaanza kufika, kisha ifanye kazi bila mtandao, ikiweka alama kwa kila aliyeingia. Ukumbi wenye mlango mmoja hauna haja ya zaidi ya hapo. Na kwa mji ambao umeme hukatika, tuongeze sharti jingine: mwenye simu iliyoishiwa chaji aweze kuingia kwa kutaja namba fupi ya tarakimu sita iliyokuja kwa meseji na namba yake ya simu. Programu niliyoijaribu haikutuma meseji yoyote. Tiketi iliishi ndani ya programu tu, na simu ya mpwa wangu huzima jioni mapema kuliko mwenyewe anavyopenda.

Wenzetu walianza vipi? BookMyShow, ambayo leo ni jina kubwa la tiketi India, ilianza mwaka 1999 kama kampuni ya Bigtree ya Ashish Hemrajani, na mwanzoni hakukuwa na mfumo wa kompyuta uliounganishwa na kumbi. Tiketi zilinunuliwa kwa wingi na kupelekewa wateja na matarishi. Marekani ilikuwapo Moviefone tangu mwaka 1989: unapiga namba, sauti inakutajia filamu, unabonyeza tarakimu kuchagua. Simu ya mezani, bila kioo chochote. Huduma hiyo ilikuwa na nguvu kiasi kwamba AOL iliinunua mwaka 1999 kwa dola milioni 388. Hawa wote walijua mteja wao ana chombo gani mkononi, wakajenga juu ya chombo hicho.

Kuhusu kuitangaza programu, mfano ninaourudia ni MoviePass ya Marekani. Agosti 2017 iliteremsha bei hadi dola 9.95 kwa mwezi, filamu moja kila siku, huku yenyewe ikizilipa kumbi bei kamili ya tiketi. Kufikia katikati ya 2018 wanachama walizidi milioni tatu. Kila mwanachama aliyependa sinema kweli alikuwa hasara. Programu ikaanza kuwakwamisha, na mwaka 2021 tume ya serikali inayolinda walaji ilifikia makubaliano na wahusika baada ya kuwatuhumu kwamba walibatilisha nywila za wateja waliotumia huduma sana. Huduma yenyewe ilikuwa imeshafungwa Septemba 2019. Matangazo yalifanya kazi yake kikamilifu. Kilichotangazwa ndicho ambacho hakikuweza kuubeba umati uliokuja.

Mfano wa pili unaniuma zaidi. Tovuti ya kumbi za Odeon, Uingereza, ilikuwa haifunguki vizuri kwenye vivinjari vingi, na vipofu wanaotumia programu za kusomewa walishindwa kabisa. Kijana mmoja, Matthew Somerville, akatengeneza kwa hiari yake ukurasa mwepesi wa maandishi uliotoa ratiba zilezile. Watu waliupenda. Mwaka 2004 kampuni ikamtaka aufunge, naye akaufunga. Walikuwa wamepewa bure kile ambacho kampuni nyingine hulipa watafiti kukipata: ushahidi wa jinsi wateja wanavyotaka kuhudumiwa, pamoja na mtangazaji asiyedai ujira.

Kwetu mtangazaji wa namna hiyo yupo tayari, na ni wakala wa fedha. Tangu M-Pesa ianze Kenya mwaka 2007, aliyewafundisha watu kutumia fedha za simu ni yule aliyeketi kwenye kibanda, akimshikia mteja simu, akimwonyesha wapi pa kubonyeza, akapata kamisheni yake. Hapa Lumicash na EcoCash zilipita njia hiyohiyo. Mwenye sinema atakayeweka fedha kwenye mabango ya barabarani na kumsahau wakala atakuwa amepoteza. Asimsahau pia muuza tiketi wa dirishani. Mtu huyo akiamini kwamba programu imekuja kumnyang'anya kazi, hatamwonyesha mteja yeyote. Apewe kamisheni kwa kila mteja aliyenunua kwa simu mara ya pili. Nasisitiza mara ya pili, kwa sababu mara ya kwanza hununuliwa kwa punguzo, na haisemi lolote kuhusu ubora.

Ningeshauri Bujumbura ianze bila programu. Ianze na menyu ya USSD, ileile inayofunguka kwa nyota na reli, inayofanya kazi kwenye simu ya batani na haihitaji bando. Ukurasa mmoja wa USSD unabeba herufi 182, na zinatosha. Nimejaribu kuuandika:

“Jumamosi, Ukumbi 1. Bonyeza 1: saa 9 alasiri, viti 41. Bonyeza 2: saa 12 jioni, viti 12. Bonyeza 0: rudi.”

Hazifiki 182. Anayebonyeza anapewa kiti kilicho bora kati ya vilivyobaki, bila ramani, analipa kwenye simu hiyohiyo, na meseji ya tarakimu sita inaingia. Menyu iwe kwa Kirundi na Kiswahili kabla ya Kifaransa, maana anayeketi kwenye kibanda cha video Bwiza hasubiri kutafsiriwa menyu. Na kwa kuwa uhaba wa mafuta umetufundisha kutembea, onyesho la mwisho liishe mapema kiasi cha mtu kurudi Ngagara kwa miguu salama. Umeme ukikatika na onyesho likafutwa, meseji na fedha zimfikie mtu kabla hajatoka nyumbani.

Hukumu yangu juu ya programu niliyoijaribu: ni nzuri kwa macho, ni dhaifu kwenye fedha, na mlangoni haimsaidii mtu ambaye simu yake imezima. Niliifuta kwenye simu ya mpwa wangu kabla ya kumrudishia, maana alihitaji nafasi ya picha za nguo.

Kwa yeyote anayepanga kuleta jambo hili hapa, naomba ajaribu kwanza kwa siku chache za tamasha moja, ukumbi mmoja, mlango mmoja na namba moja ya kupiga, na siku hizo asikae ofisini. Asimame mlangoni, pembeni ya mkagua tiketi, aone ni nani anarudishwa na kwa nini.