Kufufua Bunduki ya Rangi

Bunduki ya rangi haikuzaliwa mchezoni. Nelspot 007, iliyotengenezwa na Daisy kwa ajili ya kampuni ya rangi ya Nelson huko Marekani, ilikuwa chombo cha kutia alama miti ya kukatwa na ng'ombe wa kutengwa. Tarehe 27 Juni 1981 watu 12 waliingia nayo msituni Henniker, jimbo la New Hampshire, kuwindana huku wakitafuta bendera. Aliyeshinda alikuwa bwana misitu, na hakufyatua hata mara moja. Asili hiyo ya shambani haijafutika. Hiki ni chombo cha kazi, kimeundwa kifunguliwe, kifutwe na kufungwa tena na mtu asiye na karakana, na ndiyo maana bunduki kuukuu ya rangi ni mwalimu mzuri wa ufundi kwa anayeanza.

Si kila bunduki kuukuu inamfaa, hata hivyo. Autococker ni nzuri kuitazama, na mirija yake midogo ya mbele huvutia jicho la kila mpenda mitambo, lakini hutaka sehemu zake zipatanishwe kama saa, na haimsamehe mgeni. Tippmann 98 Custom, ya ukoo ulioanza kuuzwa 1998, ni mnyenyekevu zaidi. Mwili wake wa aluminiamu umegawanyika nusu mbili kama ganda la karanga. Ndani mna nyundo nyuma na bolti mbele, zimeungwa kwa fimbo nyembamba, na katikati yake imekaa valvu. Kifyatulio kikivutwa, kinaso huiachia nyundo, springi huirusha ikagonge valvu, na gesi hutoka pande mbili kwa mpigo mmoja: mbele ikisukuma kipira cha rangi, nyuma ikiirudisha nyundo inaswe upya. Mzunguko ni huo tu. Anayeuelewa ameshapata nusu ya ufundi, kwa sababu karibu kila ugonjwa wa bunduki hii ni mahali fulani mzunguko huo umekatika.

Kabla ya bisibisi kuna mtungi. Kabonidioksidi iliyomo hukaa kama kimiminika, na katika joto la nyuzi 21 husukuma kwa takriban psi 850, mara nyingi zaidi ya tairi la gari. Mtungi hufunguliwa na kuondolewa kwanza, vipira hutolewa, kisha bunduki hufyatuliwa tupu kuelekea chini ili gesi iliyobaki itoke. Miwani ya kinga huvaliwa hata mezani. Hatari kubwa zaidi haionekani: valvu ya mtungi wa mitumba inaweza kulegea kwenye shingo yake, na anayedhani anautoa mtungi kwenye bunduki akawa anauchomoa mtungi kwenye valvu. Mtungi wa namna hiyo huruka kama roketi, na umewahi kuua. Wajuzi huchora mstari wa rangi ya kucha kuanzia valvu hadi shingoni. Mstari ukikatika, mtungi haukaguliwi nyumbani bali hupelekwa kwa mtaalamu. Mtungi mkubwa uliopitwa na muda wa kupimwa pia haujazwi, hata bei yake iwe ya kutupa.

Nusu mbili za mwili hufunguliwa kwa alenkii, bunduki ikiwa imelala ubavu, taratibu. Springi ya kifyatulio, springi ya kinaso na kile kizuizi kidogo kinachozuia kipira kisibingirike mtutuni hupenda kuruka, na sakafu huvimeza. Shuka jeupe chini ya meza na picha ya simu kabla ya kugusa chochote vimeokoa bunduki nyingi kuliko kitabu chochote cha maelekezo. Ndani mara nyingi hakuna maajabu: mchanga, mafuta yaliyoganda, na rangi ya kale iliyokauka ikawa gundi. Vipira vya leo ni maganda ya jelatini yenye rangi inayoyeyuka majini, basi maji ya vuguvugu na mswaki hutosha kwa sehemu kubwa. Chuma hukaushwa mara moja kisichukue kutu.

Utajiri wa kazi hii umo katika oringi, vipete vya mpira visivyozidi bei ya maandazi mawili. Oringi ya mpira wa kawaida hunyonya kabonidioksidi ikavimba, kisha gesi ikitoka ghafla hupasuka. Za yurithani huvumilia zaidi. Anayeanza hupenda kulaumu valvu, kwa kuwa valvu ni ghali na jina lake ni kubwa, ilhali kinachovuja ni kipete cha mdomo wa mtungi. Tone la maji ya sabuni kwenye kila kiungo humaliza ubishi, kama fundi baiskeli anavyosaka tundu la tyubu kwa mapovu. Bunduki ikipiga mfululizo bila kuamriwa, nyundo inarudi nusu njia: gesi imepungua, oringi yake imekauka, au kinaso kimelika. Mafuta yawe ya bunduki za rangi. Yale ya kulegeza kutu hulainisha leo na kuula mpira kesho.

Kuirembesha huja baada ya kupona, na pupa ya kugeuza mpangilio huo ndiyo inayojaza masanduku ya bunduki nzuri zisizofyatua. Badiliko lenye maana zaidi ni mtutu. Kipenyo cha kipira huitwa inchi 0.68, lakini hutofautiana kidogo kwa kila toleo na kwa unyevu wa hewa. Kipira kikikaa mtutuni bila kuteleza, kisha kikatoka kwa pumzi ya mdomo, vimepatana. Kishikio kipya huja baadaye, na ladha ya mtu haina hakimu. Anayetaka mwili uliong'aa husugua kwa msasa namba 400, kisha 800, kisha laini zaidi, kwa maji, akiacha namba ya bunduki iliyochongwa bila kuigusa. Ni kazi ya jioni kadhaa, na vidole hujua kabla ya macho mahali mikwaruzo ilipobaki. Wengine huiacha mikwaruzo yote, na bunduki zao hazipungui uzuri.

Kazi huishia mbele ya kronografu, kifaa cha kupima kasi ya kipira. Viwanja vingi haviruhusu kipira kuzidi futi 300 kwa sekunde, yaani mita 91 hivi. Kupita hapo alama ya rangi huwa jeraha. Kwenye Tippmann 98, skrubu ya kasi ikikazwa hubana njia ya gesi na kasi hushuka, ikilegezwa hupanda. Fundi hugeuza robo mzunguko, hufyatua vipira vitatu au vinne, husoma, hugeuza tena. Namba zikitofautiana sana kwa kila kipira, hurudi mezani, kwenye oringi au kwenye mtutu. Zikikaribiana, kifuniko cha mtutu huvalishwa, na mtungi hutolewa.