Mshono Usiovuta

Kazi ya kuziba nasuri ya uzazi, yaani fistula, huanza na maji ya kunywa. Mwanamke anayevuja mkojo usiku na mchana hujinyima maji, akidhani akinywa kidogo atavuja kidogo. Mkojo hukolea, ukamchoma mapaja mpaka ngozi ikababuka. Basi kabla ya ganzi na kisu, huhimizwa anywe, kikombe baada ya kikombe, mpaka mkojo utakate. Huoshwa, hupakwa mafuta, hulishwa. Wengine hufika miguu imekakamaa kwa kulala wamejikunja miezi mingi, na hao hufundishwa kwanza kusimama.

Nikimkumbuka mpasuaji wa nasuri, Dkt. Catherine Hamlin, humkumbuka hapo, kwenye kikombe cha maji, kabla ya tuzo zote alizopewa. Alizaliwa Sydney, Australia, mwaka 1924. Mwaka 1959 yeye na mumewe, Dkt. Reginald Hamlin, walifika Addis Ababa kwa mkataba wa miaka 3, waanzishe shule ya wakunga katika Hospitali ya Princess Tsehay. Catherine alifariki katika mji huo huo tarehe 18 Machi 2020, akiwa na umri wa miaka 96.

Wote wawili walikuwa mabingwa wa uzazi, lakini nasuri walikuwa hawajawahi kuiona. Ilibidi wawe wanafunzi upya. Walisoma maandiko na michoro ya waliowatangulia, akiwamo Naguib Mahfouz wa Cairo, yule daktari ambaye mwandishi wa riwaya wa Misri alipewa jina lake baada ya kuzaliwa kwa shida mikononi mwake.

Jeraha lenyewe hutokana na uchungu usio na msaada. Kichwa cha mtoto hukwama kwenye nyonga siku mbili, tatu, hata zaidi, kikikandamiza kibofu kwenye mfupa. Damu haipiti, nyama hufa. Mtoto mara nyingi huzaliwa hana uhai, na siku chache baadaye ile nyama iliyokufa hubanduka, likabaki tundu kati ya kibofu na uke.

Tundu hilo halishonwi papo hapo. Fundi wa nguo anajua kwamba kitambaa kilichooza hakishiki uzi. Kwa kawaida husubiriwa takriban miezi 3, nyama mbovu iishe na iliyobaki ipate nguvu. Ndipo mgonjwa hupigwa ganzi ya uti wa mgongo na kitanda huinamishwa, kichwa chini na miguu juu, ili taa imulike mahali ambapo mkono wenyewe hupenya kwa taabu.

Mpasuaji hutafuta kwanza kabla ya kukata. Anaweza kuingiza maji ya buluu kwenye kibofu na kutazama yanakotokea, maana tundu la pili hupenda kujificha nyuma ya kovu. Huitafuta mirija inayoleta mkojo kutoka kwenye figo, kwa sababu ikishonewa ndani, figo itaharibika. Kisha hukata kuzunguka tundu na kuanza kutenganisha kibofu na ukuta wa uke, kwa ncha ya makasi, kidogo kidogo. Hapa ndipo penye ufundi wote. Kovu limegandanisha tabaka hizo mbili. Ukikata juu mno unatoboa uke, na ukizama kidogo tu umeongeza tundu kwenye kibofu. Hutenganisha mpaka kingo zikutane zenyewe bila kuvutwa, kwa maana mshono unaovuta utaachia. Baadaye hupitisha uzi, pindo baada ya pindo, akifunga kwa kukaza kiasi tu. Maji ya buluu huingizwa tena. Likitokea tone moja, hurudia. Pengine huchukua kipande cha mafuta kutoka kwenye shavu la uke, kikiwa bado kimeshikana na mishipa yake ya damu, akakilaza juu ya mshono kiulinde. Ukuta wa uke hufungwa mwisho.

Katika miaka ya 1960 aliletwa kwa akina Hamlin msichana wa kijijini, Mamitu Gashe, aliyejeruhiwa vibaya katika uzazi wake wa kwanza. Alibaki hospitalini akitandika vitanda, kisha akawa anapokeza vifaa na kutazama. Hakuwa amesoma shule. Hamlin na mumewe waliuongoza mkono wake hatua kwa hatua, mpaka akawa mpasuaji kamili wa nasuri na kuwafundisha madaktari wenye shahada. Mwaka 1989 yeye na akina Hamlin walitunukiwa pamoja medali ya dhahabu na Chuo cha Kifalme cha Wapasuaji cha Uingereza. Mimi naona hapo ndipo ukubwa wa Catherine Hamlin ulipo: aliutazama mkono wa mgonjwa akaona mkono wa fundi.

Hospitali ya Fistula ya Addis Ababa waliifungua mwaka 1974, matibabu bure. Reginald alifariki mwaka 1993. Catherine aliendelea kupasua hata alipopita miaka 80. Wanawake zaidi ya 60,000 wametibiwa katika hospitali zilizotokana na kazi yao, na mwaka 2007 kilifunguliwa chuo cha wakunga, ili jeraha lizuiwe huko huko vijijini.

Baada ya upasuaji huja kungoja. Mpira wa mkojo hukaa takriban wiki mbili, na muuguzi hupita mara kwa mara kuangalia kama unatiririsha, kwa kuwa ukiziba hata kwa saa chache, kibofu hujaa na kuvuta mshono. Mgonjwa huendelea kunywa maji. Kila asubuhi shuka hupapaswa kama ni kavu. Siku mpira unapotolewa, huambiwa aende haja mapema na mara nyingi, kibofu kijifunze upya taratibu. Akiondoka hupewa gauni jipya na nauli, na huagizwa kwamba akipata mimba tena asisubiri uchungu nyumbani, arudi mapema, azae kwa upasuaji.