Mfuniko wa chemba kutoka Zanzibar

Katika bustani moja mtaani Nørrebro, Copenhagen, mpita njia huweza kukanyaga mfuniko wa chemba kutoka Zanzibar. Bustani hiyo hiyo ina bembea za Iraq, benchi za Brazil, chemchemi ya Morocco na mapipa ya taka ya Uingereza. Inaitwa Superkilen, ilifunguliwa 2012, na ina vitu zaidi ya 100 kutoka nchi zaidi ya 50. Mwaka 2016 ilipata Tuzo ya Aga Khan ya Usanifu Majengo.

Watalii hupiga picha vitu. Fundi atazame jinsi vilivyopatikana.

Kazi iligawanywa kwa watatu: wasanifu majengo wa BIG, wasanifu mandhari wa Topotek 1, na wasanii wa Superflex. Mikutano ya mipango miji kwa kawaida huuliza wananchi wanataka nini, na majibu hujulikana kabla hawajaketi: miti, taa, viti. Hapa wakazi waliombwa kutaja kitu mahususi. Swali la namna hiyo hata bibi anayebabaisha Kidenmark hulijibu, kwa sababu halimtaki awe mtaalamu. Linataka kumbukumbu yake. Makundi matano ya wakazi yalisafiri na Superflex, kila moja likifuata kitu chake. Moja lilirudi na udongo wa Palestina, ukawa kilima. Jingine lilileta ulingo wa ndondi za Kithai.

Ila vitu pekee vingekuwa makumbusho. Bustani imenyooka kama utepe, ikakatwa sehemu tatu: nyekundu ya michezo, nyeusi ya barazani, ya kijani ya nyasi. Njia ya baiskeli inaipitia, kwa hiyo hata asiyekuja kukaa hupita katikati ya waliokaa.

Kasoro zipo. Rangi nyekundu ilichujuka, na ikilowa iliteleza. Tena makundi matano ni machache kwa mtaa mzima; kwa wengine, taifa zima limesemewa na kitu kimoja. Mabango ya taa kutoka Urusi na Qatar hutazamwa tu, ilhali bembea hupandwa na mtoto yeyote, awe wa Baghdad au wa Copenhagen.

Basi anayetaka kuiga aanze na lile swali, kisha kila jibu alipime kwa jambo moja: asiyekijua kitu hicho atakitumia? Mfuniko wa chemba unapita mtihani huo bila maneno.